Tumekula Addis sie wanawake wanne wa Tanga (uzi mrefu, weka chai karibu)

BiVibibi

Asalaam aleykum wana jukwaa, na wengine habari za jioni. Huu uzi nimeuahidi toka tuliporudi, kila nikikaa niandike unga unaniita, leo mvua imenyesha wateja hamna ngoja niumalize.

Kwa msionijua mi muuza vitafunwa hapa Ngamiani. Asubuhi vitumbua na mbaazi, jioni vibibi na kaimati, Ramadhani ikifika ndo silali kabisa. Tuko wanawake kumi na wawili kwenye mchezo wetu na mwaka huu zamu za wanne tulioshibana zikafuatana, tukasema jamani makochi tunayo, tusafiri. Mmoja akataka Dubai kama kila mtu. Somoe akasema mdogo wake kaolewa Addis Ababa na Mhabeshi Muislamu, kajifungua mtoto wa kiume, twendeni tukamuone, malazi bure. Hilo neno bure ndo likafunga kikao.

Wasafiri ni mimi, Somoe mwenyewe, Mwana ambaye anakula chochote kisichomkimbia, na Da Pili. Da Pili ni mwalimu mkuu mstaafu, ndo mkubwa wetu, na tabia yake moja haamini jiko asilolijua. Hata kwangu alianza kununua vitumbua baada ya kuja kuangalia sufuria yangu ya mafuta, sitanii.

Sasa siku ya kuondoka tunafunga mizigo nikaona begi lake halinyanyuki. Nikamuuliza Da Pili humu umeweka nini. Sembe kilo tano. Mbaazi kavu kilo mbili. Achari ya embe, pilipili ya kukaanga, iliki, na ng'onda, yule samaki mkavu, amemviringisha kwenye magazeti halafu mifuko mitatu halafu kanga kuukuu. Nazi tu ndo kaacha, kasema nzito. Nikamwambia Da Pili tunaenda kuona mtoto sio kujenga kambi, akanijibu "Wewe utanishukuru."

Naendelea, kuna mteja.

MzeeWaBarazani

Waja leo waondoka leo, ila hii ya kuondoka na ng'onda ndo naisikia leo 😂 Endelea bibie, kahawa ipo.

Kijana_wa_Makorora

Ndege nzima ilikuwa inanukia soko la samaki la Deep Sea hiyo

BiVibibi

Haya nimerudi. Tumefika usiku, baridi jamani, watu mnadhani Afrika yote joto. Pale ni juu zaidi ya mita 2,300 toka usawa wa bahari, sie watu wa kulala na feni tukatoka na madira mepesi, meno yanagongana. Mume wa mdogo wake Somoe, tumwite Shemeji, katupokea vizuri, tukafika nyumbani sinia limeshatengwa.

Sinia lenyewe limetandikwa injera. Mnaijua kwa picha, ile kama kibibi kikubwa cha kijivu kimejaa matundu, juu wamepanga mchuzi mwekundu hapa, dengu pale, mboga za majani upande ule. Tumenawa, tumekaa, mkono wa kulia, hapo sie wenyeji maana sinia na mkono tumezaliwa navyo. Nikamega, nikachota, nikatia mdomoni.

Mwe! Uchachu.

Sasa nieleweni mie mtu wa jiko. Kwangu mimi unga ukichacha kiwango kile ni hasara, namwaga na naanza upya na siku hiyo nalala na mawazo ya mchele uliopotea. Ulimi wangu ulivyoonja tu ukaniambia mwaga huu. Nikamtazama Da Pili, kashika kipande hajakipeleka popote, kainama kwenye sikio langu anasema "Imeharibika hii, ila tusiwaaibishe." Tukala tonge mbili mbili tukasema tumeshiba, safari imetuchosha. Mwana peke yake ndo alikula upande wake wote akahamia na wetu. Usiku tumbo linaniunguruma nasikia chumbani mfuko wa plastiki unalia kwacha kwacha, Da Pili anatafuna achari kavu kavu gizani.

Sabrina_tz

Hahahaa achari kavu gizani, mwalimu mkuu!! Ila kweli injera mara ya kwanza inataka moyo, mi nilikula Dar kwenye mgahawa wao nikadhani imelala siku tatu

BiVibibi

@Sabrina_tz na kweli imelala siku tatu shoga angu, hapo ndo utamu wa hadithi ulipo.

Asubuhi yake kuna vyungu vinalia jikoni nikaamka, mi siwezi kulala jiko la mtu linafanya kazi. Namkuta mama mkwe, mama yake Shemeji, mwanamke mfupi kajitanda shuka jeupe, hajui Kiswahili mi sijui Kiamhara. Tukaelewana kwa mikono, wapishi hatuhitaji mkalimani.

Kanionyesha kwanza nafaka yenyewe, inaitwa tefu. Punje yake ndogo mpaka nikadhani mchanga, ulezi ukiiweka pembeni unaonekana kama kunde. Unga unakorogwa na maji, unatiwa kile kimiminika cha manjano kilichobaki kwenye ndoo ya juzi, wenyewe wanakiita ersho, ndo hamira yao, haiishi maana kila mkorogo unamwachia mwenzake. Unakaa siku mbili tatu. Halafu, na hapa ndo nikamsogelea, anachota kidogo kwenye ule mkorogo anaupika motoni kama uji mzito, anaurudisha ndani, anasubiri tena uumuke. Anayepika mkate wa kumimina ataelewa kwa nini nilishangaa, hiyo hatua sie hatuna na nadhani ndo inayofanya ile injera ikunjike bila kukatika.

Kikaango chao ni duara kubwa linaitwa mitad, la zamani la udongo la kuni, la kwake la umeme. Anamimina kuanzia ukingoni anazunguka kuja katikati, mkono haukati. Matundu yakaanza kufumuka, yanaanza pembeni yanakimbilia kati, mapovu yakapasuka yakaacha vishimo, anafunika na kifuniko. Hageuzi! Upande mmoja tu, kama kibibi changu kabisa. Nikapiga kelele nikamwita Da Pili aje, njoo uone ni vibibi hivi, vibibi vilivyonyimwa sukari na nazi!

Mama mkwe kanipa kopo nijaribu. Nimezungusha kwa majivuno yote ya Ngamiani, ikatoka nene kati imetoboka ukingoni, akacheka mpaka akakaa chini. Ya tatu ndo ikawa injera. Tukaila ile ya tatu ya moto na mchuzi wa shiro, huo ni unga wa dengu umepikwa na vitunguu na pilipili yao ya berbere, na wallahi ule uchachu wa jana sikuuona tena ni ubaya. Ulimi ule ule, unga ule ule. Nimelifikiria sana hili na msimamo wangu ni kwamba chakula kigeni kinatisha kwenye sahani, jikoni hakitishi. Nilichokiona kikipikwa nimekila na nilichokikuta kimetengwa ndo kilinishinda.

Baharia_Mstaafu

Dada BiVibibi umeandika vizuri ila hapo kwenye msimamo nakupinga kidogo, mi nilichokiona kikitengenezwa ndicho kilichoniliza.

Meli yetu ilitia nanga Busan, Korea Kusini, tuna siku mbili za nchi kavu. Tuko watano, mi na jamaa yangu mmoja wa Kigombe, Mfilipino mmoja na Wahindi wawili. Yule Mfilipino anajua mji katupeleka soko la samaki la Jagalchi, soko kubwa, samaki hai kwenye matangi unachagua wanakutengenezea palepale. Sasa mtu wa Kigombe na pweza, nyie mnajua, kafurahi kuona pweza wadogo wadogo kwenye beseni kama kaona ndugu zake. Kanyoosha kidole.

Mama wa soko kamtoa pweza mzima, kamuweka kwenye ubao, kisu tatata tatata, sekunde hazifiki kumi, kamwagia mafuta ya ufuta na mbegu za ufuta, sahani mezani. Mikia INATEMBEA. Kimoja kimepanda ukingo wa sahani kinataka kutoka. Jamaa yangu wa Kigombe ambaye toka utotoni kazi yake kumtoa pweza pangoni na kumbamiza kwenye mwamba mpaka alainike, akasimama akasema "Huyu hajapigwa! Hajapigwa hata moja!" Yeye kilichomuuma sio kwamba anatembea, kilichomuuma hajapigwa.

Wanaita sannakji. Tuliambiwa tafuna sana kabla ya kumeza maana vile vinyonyeo vinaweza kukamata koo, na watu wameshakufa kwa kupaliwa nacho, sio masihara. Mi nilikula kipande kimoja, kikanishika ulimi, nikakitafuna kwa hasira machozi yanatoka. Ladha yenyewe mafuta ya ufuta tu na ubaridi. Jamaa yangu hakugusa, kamuomba yule mama kwa ishara amchemshe, mama kakataa, nadhani aliona tunamharibia.

MzeeWaBarazani

"Hajapigwa hata moja" 😂😂 nimecheka mpaka kashata imenipalia kama huyo pweza

Muhaya_wa_Kampala

Nyie watu wa pwani mnashangaa vitu vidogo. Mi niko Kampala mwaka wa nne, msimu wa nsenene ukifika mwezi wa kumi na moja wanauza mpaka dirishani kwa basi, mnakuja wageni wa Tanzania mnajifanya kufumba macho eti panzi. Kwetu Bukoba senene ni heshima! Unanyofoa mbawa na miguu, unakaanga kwa mafuta yake mwenyewe na chumvi, inalia kama bisi. Nilikuja na rafiki zangu watatu wa Dar, wawili walikula wakamaliza kikopo, wa tatu mpaka leo ananiita mla wadudu na kamba wa baharini anakula. Kamba ni nini kama sio mdudu wa majini?

Sabrina_tz

Kamba usimguse kaka, utaanzisha vita hapa

Kijana_wa_Makorora

BiVibibi swali, halali mlikuwa mnaijuaje kule? Maana wengi Wakristo

BiVibibi

Swali zuri mdogo wangu. Kule kila mtu na bucha yake, Wakristo wao Waislamu wao, na migahawa hivyo hivyo, nyingi za Kikristo utaona msalaba kwenye kibao na za Waislamu mwezi au maandishi ya Kiarabu, hamna kubahatisha. Upande wa Merkato karibu na msikiti wa Anwar migahawa ya Waislamu imejaa, asubuhi unakula ful, maharage yamepondwa na mafuta na vitunguu na mkate wa moto, au fatira yenye mayai na asali juu, hiyo fatira Da Pili aliila siku tatu mfululizo anaiita mkate wa mayai hataki kusikia jina lingine.

Na kitu ambacho hatukukijua, wale Waorthodoksi Jumatano na Ijumaa wanafunga, hawagusi nyama wala maziwa wala yai wala samli. Kwa hiyo siku hizo popote ukiingia unaletewa sinia la mboga na nafaka tupu, dengu nyekundu, dengu njano, kabichi na karoti, majani, biringanya, rangi kama kanga mpya. Sie tukawa tunazisubiri Jumatano na Ijumaa kama sikukuu, unakula popote huulizi nyama ya nani.

Sasa niwape kisa cha nyama.

Siku ya nne Shemeji kaenda kutafuta pa kuegesha gari katuacha tumeshaingia kwenye mgahawa mmoja, wa Waislamu, jina sitaji maana kosa lilikuwa letu. Menyu hatuisomi, herufi zao ni nzuri kama nakshi za mlango lakini huambulii kitu. Mwana kaona meza ya pembeni wanakula nyama ya kusaga, nyekundu, imekaa na jibini jeupe na majani. Kanyoosha kidole, moja kama ile. Imekuja. Mwana kachota, kala, kafumba macho. "Jamani laini! Laini kama siagi, imekolea samli na iliki." Tonge la pili. La tatu. Mi nimeinua mkono nataka kuonja Da Pili kanishika kiwiko, kasema "Subiri, hii nyama haina moshi."

Haina moshi! Yani mwanamke yule pua yake ni serikali. Nyama ya moto inatoa mvuke, ile imetulia tuli, vuguvugu tu.

Shemeji kaingia, kaangalia sahani, kamwangalia Mwana, kasema kwa Kiingereza cha taratibu, hiyo ni kitfo, ni mbichi.

Mwana hakutema maana ilishapita. Kakaa kimya, kanywa maji, halafu akasema kitu ambacho hatujamsamehe mpaka leo, "Mbichi ndo tamu hivi?" Shemeji kairudisha jikoni wakaipitisha motoni kidogo, wanaita leb leb, nusu nusu, kisha tukaomba tena iivishwe kabisa kabisa, mpishi kachungulia mlangoni kuona ni kina nani hawa. Ni chakula cha asili ya Wagurage na kwa wenyewe ni cha heshima, nyama inachaguliwa haina mshipa hata mmoja, inakatwakatwa na kisu, inachanganywa na samli ya viungo na pilipili ya mitmita. Inaliwa na kocho, mkate mgumu mgumu wa mti unaofanana na mgomba lakini haziliwi ndizi zake, wanakwangua shina na mzizi wanafukia ardhini miezi kadhaa. Hiyo kocho niliipenda, ina harufu ya bada ya muhogo uliovundikwa, nikajihisi niko kwa bibi yangu.

Tabibu_Mtaani

Huyo Mwana aende akapime choo. Nyama ya ng'ombe mbichi ndo njia ya tegu kuingia tumboni, mnyoo bapa, anaweza kukaa miaka na kufika mita kadhaa. Dawa zipo na ni rahisi ila asikae nao kwa aibu.

BiVibibi

@Tabibu_Mtaani alishapima, salama alhamdulillah. Shemeji katwambia wazee wao walikuwa wanakunywa maua ya mti wa kosso kutoa tegu, dawa chungu inakutikisa siku nzima, ilikuwa ni kawaida kama sie na dawa za minyoo shuleni. Mwana kusikia hivyo ndo rangi ikampotea, sio kwa nyama, kwa dawa.

Ngoma_Bagamoyo

Nami nichangie wakuu. Mi mtu wa ngoma, Bagamoyo, nimekulia Dunda nyuma ya soko la samaki kwa hiyo nilikuwa najua harufu zote za dunia hii. Tukaenda na kundi letu Swidi, watu tisa, mwisho wa mwezi wa nane, wenyeji wetu wakatuandalia karamu ya nje kwenye nyasi. Tukashangaa kwa nini nje na kaubaridi kameanza. Kaja mzee na kopo la samaki, kopo limevimba kama limekasirika. Wanaita surströmming, samaki wadogo wa bahari yao ya Baltiki wanavundikwa kwenye maji ya chumvi halafu wanafungwa koponi na humo ndani wanaendelea kuchacha, ndo maana linavimba.

Kafungua. Psssss. Mpiga msondo wetu, mtu wa kilo tisini, aliondoka bila kuaga. Mi harufu ile nilijaribu kuifananisha na papa mbichi, na samaki wa jana kwenye jua, na choo cha stendi, nikakosa. Na nimeshuhudia kila hatua dada BiVibibi, kopo limefunguliwa mbele yangu, haikusaidia.

Ila yule mzee kanionyesha, chukua mkate mwembamba, siagi, viazi vya kuchemsha, kitunguu kibichi, samaki kidoogo tena umtoe mfupa, kunja. Mdomoni ni chumvi na uchachu, harufu inabaki nje inakungoja. Nilikula mbili. Wenzangu saba hawakula na usiku hawakutaka nilale chumba chao.

Baharia_Mstaafu

Tuko wawili sasa tunaompinga bibie

BiVibibi

Nyie wanaume mliona kisu na mliona kopo, jiko hamkuliona. Kufungua kopo ni kupika? Haya tuendelee.

Siku ya tano Da Pili kaamua kupika mbaazi zake. Kaziloweka toka usiku, asubuhi kaziweka jikoni, saa tatu, saa tano, adhuhuri, mbaazi kokoto. Kaongeza maji, kaongeza moto, maji yanachemka kwelikweli yanarukaruka lakini mbaazi zinamwangalia tu. Saa kumi jioni kazima jiko kasema hizi mbaazi wameniuzia za mwaka juzi, muuzaji wa Mgandini atanijua nikirudi.

Tabibu_Mtaani

Muuzaji wa Mgandini msimsingizie. Mlimani hewa ni nyepesi kwa hiyo maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwa urefu huo wa Addis ni kwenye nyuzi 92 hivi. Yanarukaruka lakini moto wake mdogo kuliko wa Tanga. Mngetumia presha kuka.

BiVibibi

Nimemsomea Da Pili hii komenti, kasema mwambie huyo daktari asante lakini kwa muuzaji nitapita tu.

Na kituko cha saa. Kesho yake tulikuwa na ahadi ya kwenda kula kwa jamaa zao, dereva katwambia kwa Kiingereza anakuja saa mbili, tuu okloku. Da Pili Kiingereza kafundisha miaka thelathini, katutafsiria, hiyo ni saa nane mchana jamani pumzikeni. Saa mbili asubuhi honi inalia nje sie na mitandio ya kulalia! Kumbe Wahabeshi saa zao ni zetu, wanahesabu toka jua linapochomoza kama Waswahili, saa moja asubuhi ni saa moja. Yani nchi nzima inasoma saa kama bibi yangu na sie tukaikosa kwa sababu tulitafsiri. Tungejifanya hatujui Kiingereza tungewahi.

Huko tulikoenda ndo kwenye chakula kilichomfungua Da Pili. Mwanamke akijifungua kule wageni wanapikiwa genfo. Unga wa shayiri umesongwa mzito, umewekwa kwenye bakuli kama kichuguu, katikati kimechimbwa kisima, kisimani imejaa samli ya viungo imechanganywa na berbere, nyekundu inang'aa. Da Pili kaiona kutoka mlangoni. "Si ugali huu?" Kavua miwani, kakaa karibu kuliko wote. Unamega ukingoni unachovya kisimani, na adabu yake usibomoe ukuta kabla wengine hawajachovya. Mwana kabomoa ukuta wa upande wake, samli ikafurika mpaka kwa wenyeji, Da Pili kampiga kibao cha mkono kama mwanafunzi, sebule nzima ikacheka.

Halafu yule mama mkwe kainuka, kafunga tonge la injera na kuku wa doro wat, kuku huyo amepikwa na vitunguu vingi mpaka vimeyeyuka na yai zima la kuchemsha ndani, kalishika kwa vidole vitatu kampelekea Da Pili mdomoni. Wanaita gursha, ni mapenzi, unamlisha mtu mkono wako. Sie watatu tukaacha kutafuna. Huyu ni mwanamke ambaye chai ya ofisini alikuwa anabeba na kikombe chake. Kalitazama lile tonge, kubwa haswa, mchuzi unateremka kwenye kidole cha mama wa watu. Akafungua mdomo. Shavu likavimba hivi, machozi ya pilipili yakamtoka, na akiwa bado anatafuna kafunga tonge lake kwa mkono wake mwenyewe akamlisha yule mama. Sijui hiyo nguvu kaitoa wapi.

Kahawa tukanywa duru tatu, inakaangwa mbele yako, ubani unafuka, nyasi mbichi zimetandazwa chini, inapikwa kwenye birika la udongo la shingo ndefu. Duru ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu wanaita baraka, baraka hiyohiyo yetu. Na badala ya kashata wanakupa bisi. Hapo nawadai, kahawa yao imetushinda lakini kwa kashata tuko mbele.

MzeeWaBarazani

Kahawa imewashinda? Futa hiyo kauli kabla barabara ya nane haijaisoma.

Sabrina_tz

Na ng'onda jamani, ng'onda aliishia wapi??

BiVibibi

Nilitaka nimruke huyo ng'onda maana ananiharibia hoja, ila haya.

Siku moja kabla ya kurudi nikasema tuwapikie na sie. Nazi ya unga ilipatikana dukani, nikamuita mama mkwe jikoni, nikamuonyesha kila kitu kama alivyonionyesha yeye. Nikamfungua ng'onda, nikamuosha, nikamchoma kidogo, nikamtoa miba, mchuzi wa nazi, ndimu, bizari. Kasimama kanitazama mwanzo mpaka mwisho. Nikamchotea kwenye kijiko. Kanusa. Kanishika bega kwa upole kabisa, kaenda kafungua madirisha yote matatu pamoja na baridi ile, na jioni yake kala mkate na chai.

Baharia_Mstaafu

Hahahahaaa watatu sasa! Aliona jikoni kabisa huyo

Ngoma_Bagamoyo

Ng'onda ndo surströmming yenu, kubalini yaishe

BiVibibi

Sikubali, nadhani ilikuwa ile nazi ya unga. Ingekuwa nazi ya kukuna angekula.

Mwisho niwaambie nilichofanya baada ya kurudi. Tefu hapa sijaipata, lakini mama mkwe alinionyesha kwamba hata kwao wako wanaopika ya mtama. Nikakoroga unga wa mtama kilo mbili kwenye ndoo nikafunika nikahesabu siku tatu kama za Addis. Nimesahau hili ni joto la Tanga. Usiku wa kwanza tu unga umeinua kifuniko, umeshuka pembeni, umefika mlangoni, mwanangu kaniamsha ananiambia mama kuna panya kafia jikoni. Mara ya pili nikauacha kutwa moja na usiku, ukatoka. Matundu yapo, inakunjika, katikati inakatikakatika kidogo maana mtama hauvutiki.

Nikampelekea Da Pili kipande nikajua atanusa anirudishie. Kaenda ndani katoka na bakuli la mchuzi wa ng'onda wa jana, kamega, kachovya, kala kimya. Sahani imeisha ndo ananiambia "Ipunguzie chumvi. Na Jumamosi uniletee nne."

Kwa hiyo Jumamosi baada ya alasiri nakaanga, wa Ngamiani anayetaka kuonja apite, aje na chombo chake.

Kijana_wa_Makorora

Nakuja. Mchuzi upo au nibebe?

BiVibibi

Beba. Wa Da Pili haugusiki.